Tathmini: Gereji ya Iyunga iliyofungua maungio ya RAV4 yangu yaliyoliwa na kutu

Nimesubiri miezi kumi na moja kabla ya kuandika tathmini hii, na nimesubiri kwa makusudi. Kazi ya kutu haipimwi siku gari linapotoka gereji likiwa limeng'arishwa. Hupimwa baada ya msimu mmoja kamili wa mvua, na huku kwetu Mbeya msimu huo huanza Novemba na mara nyingi hauachi mpaka Mei. Gari langu, Toyota RAV4 ya mwaka 1998 yenye milango mitano, liliingia kwa fundi Julai 2023 likiwa limeoza katika maungio ya bodi, na tangu hapo limepita mvua zote za 2023/2024 katika barabara za Rungwe na Kyela. Sasa ninaweza kueleza kilichoshika na ambacho hakikushika.

Gereji yenyewe ipo Iyunga. Haina bango, na fundi mkuu aliniomba nisiandike jina lake, kwa hiyo humu nitamwita Fundi. Wauza rangi za magari wa Mwanjelwa wanamfahamu. Ukiwauliza fundi bodi anayefungua maungio badala ya kuyafunika, wataelewa unamtaka nani.

Gari hili lilishushwa bandari ya Dar es Salaam likiwa limeshatumika Japani, likakaa Kigamboni miaka saba kwa mwenye nalo wa kwanza, ndipo likapandishwa Mbeya nilipolinunua mwaka 2016. Magari yaliyotembea mikoa ya theluji ya Japani huja na chumvi ya barabarani chini ya sakafu, na upepo wa bahari wa Kigamboni ni chumvi tupu. Wengi wetu wa nyanda za juu huamini kwamba gari likishahamia huku kwenye baridi, mbali na pwani, kutu itatulia. Haitulii. Chumvi iliyokwisha kuingia katikati ya mabati mawili haitoki kwa kupigwa mpira wa maji. Hubaki humo ikivuta unyevu wa hewa hata siku ambazo mvua haijanyesha. Tena safari zetu zenyewe zinaisaidia. Asubuhi ninatoka Uyole, ninapita Isongole kwenye ukungu na baridi, bodi nzima inapoa, halafu saa chache baadaye ninashuka Kyela kwenye joto na hewa nzito ya ziwa. Bati lililopoa likikutana na hewa ya namna hiyo hutoka jasho kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na jasho hilo hutoka nje na ndani, hadi kwenye mapango ya bodi ambayo jua haliyafikii.

Ni muhimu msomaji aelewe kwa nini ninasema habari ya maungio peke yake. RAV4 ya toleo hili haina chesisi iliyojitenga kama Hilux au Land Cruiser. Bodi ndiyo mifupa ya gari. Mabati yake, ambayo mengi unene wake haufiki milimita moja, yamelaliana kingo juu ya kingo na kushikwa kwa nukta za kuchomelea ambazo mafundi wetu huziita vidoti, kisha ungio likafunikwa kwa gundi ya kuziba. Kiwandani bodi nzima huzamishwa katika rangi inayovutwa kwa umeme, lakini rangi hiyo haifiki vizuri mahali ambapo mabati mawili yamebanana. Miaka ikipita, gundi hukauka na kupasuka mpasuko mwembamba kama uzi, maji yakanyonywa ndani kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa, na yakishaingia hayapati njia ya kukauka. Hapo kutu huanza kula kutoka ndani kuja nje. Na kwa kuwa kutu hujaza nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokila, huvimba na kuyasukuma mabati yaachane, ungio likapanuka, likapokea maji mengi zaidi. Ukiona rangi imetoka malengelenge kwenye ungio, bati la upande usiouona limeshaharibika siku nyingi, na kama ungio hilo ni la kizingiti cha milango au sakafu, gari limeshapoteza sehemu ya nguvu yake ya kukulinda siku ya ajali.

Nilijifunza hayo kwa hasara. Mwaka 2019 nilikuwa nimeyapeleka malengelenge ya mapinde ya fenda za nyuma, yale yanayozunguka magurudumu, kwa gereji nyingine, ambayo sitaitaja, nikalipa shilingi 380,000, nikarudishiwa gari lenye fenda laini kama ganda la yai. Baada ya misimu miwili ya mvua malengelenge yalirudi makubwa kuliko ya kwanza, na baada ya mwaka mwingine nilianza kusikia maji yakicheza ndani ya kizingiti kila nilipofunga breki. Fundi wa Iyunga alipochokonoa upinde wa kushoto kwa bisibisi, puti, ule uji mzito wa kusawazishia bodi kabla ya rangi, iliachia kipande kizima kama plasta ya ukuta. Chini yake kulikuwa na bati la kuezekea nyumba, geji 30, lililobandikwa kwa puti hiyo hiyo juu ya kutu bila kuchomelewa hata sehemu moja, na nyuma ya bati hilo kulikuwa na kipande cha gunia kilichoshindiliwa ili puti ipate pa kuegemea. Ilikuwa Julai, hatujaona mvua kwa wiki kadhaa, na gunia lile lilikuwa limelowa. Kulikamua sikuthubutu, lakini lilitia doa la maji kwenye saruji mahali alipolitupa.

Sehemu ya huduma iliyonishawishi kumwachia gari ilikuwa ukaguzi wake, ambao ulichukua asubuhi nzima na haukutozwa fedha. Vifaa vyake vilikuwa bisibisi, sumaku iliyofungwa kitambaa, chaki, na kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu. Alizunguka gari akigonga kingo zote kwa mpini wa bisibisi na kusikiliza. Bati zima hulia. Lililooza hunyamaza, na baada ya muda hata mimi nilianza kuitambua tofauti. Palipo na puti sumaku ilidondoka, naye akapaweka mstari wa chaki. Kisha alitoa kiti cha nyuma na zulia, akanyunyiza unga wa chaki kwenye sakafu ya buti, akamwingiza kijana mmoja ndani na tochi, milango ikafungwa, mwingine akamwagia maji kwa mpira kuanzia chini kwenda juu, polepole, ungio moja baada ya jingine. Aliniambia kwamba ukianzia juu maji hushuka na kukudanganya, kwa sababu utayaona yanapotokea bila kujua yalipoingilia. Kijana alipiga dirisha maji yalipofikia nyuma ya taa ya kulia, mahali ambapo bati la nyuma linakutana na fenda. Kamera ikaingizwa kwenye tundu la kizingiti, na kwenye kioo cha simu nikaona magamba mekundu yamelala ndani kama majani makavu kwenye mfereji.

Hukumu yake ilikuwa maungio matano: mapinde mawili ya nyuma, mwisho wa kizingiti cha kushoto, ungio la sakafu ya buti na bati la nyuma, na ungio la chini ya kioo cha mbele. Hilo la tano alisema hataligusa safari hiyo, kwa sababu kioo kimegundishwa na lazima kitolewe, na kioo cha gari la umri huo kikipasuka hutakipata Mbeya kesho yake. Nilipenda kwamba alisema hivyo mwanzoni. Kwa manne yaliyobaki aliniambia, "Mwalimu, ukitaka nikupakie rangi, kesho jioni unaondoka na gari lako. Ukitaka nifungue, niachie wiki moja, na usinilaumu ukikuta tundu ni kubwa kuliko ulivyodhani."

Nilikuwa likizo, nikaomba ruhusa ya kukaa na kutazama. Walianza kwa kutoa betri, kushusha tangi la mafuta na kubandua lami ya kuzuia kelele iliyolalia sakafu, kwa sababu vitu hivyo viwili vya mwisho ndivyo vinavyounguza magari gerejini. Ndoo mbili za maji, gunia lililolowekwa na kizimamoto viliwekwa karibu na gurudumu na havikuondolewa mpaka kazi ya moto ilipokwisha. Gundi ya zamani ilipashwa joto na kukwanguliwa kwa kisu butu hadi mstari wa vidoti vya kiwandani ukaonekana, vishimo vidogo vya mviringo vimepangana kama vifungo vya shati.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji asimame nami kidogo, kwa sababu hapa ndipo kazi ya fundi huyu inapotengana na kazi nyingi nilizoziona. Hakuchukua grenda na kukata palipovimba. Alipiga alama katikati ya kila kidoti kwa ncha ya chuma, akaweka keekee pana ya milimita 8 iliyonolewa bapa, na akatoboa bati la juu peke yake, akisimama kila mara kutazama rangi ya vumbi la chuma, mpaka kidoti kilipoachia bila bati la chini kuguswa. Vidoti kumi na saba kwenye upinde mmoja, kila kimoja kwa mkono uliotulia. Kisha alichomeka patasi nyembamba katikati ya mabati na kuigonga kidogo kidogo, na ungio likafunguka kwa mlio mkavu. Ndani kulikuwa na magamba yaliyopangana kama maganda ya kitunguu, unga wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, na chenga za mchanga zenye punje nyeupe za makombe ya baharini. Aliniwekea kiganjani. Mchanga wa pwani ulikuwa umekaa humo miaka yote, umepanda milima na gari, na kazi yake ilikuwa imeendelea.

Lengelenge ambalo kwa nje lilikuwa na upana wa kucha mbili lilizaa tundu la sentimita 31 kwa 9. Fundi alikata hadi bati lililong'aa pande zote mbili, na kila nilipodhani amefika, aliligeuza kwa mwanga na kunionyesha vishimo vidogo vyeusi, akakata tena. Kiraka alikichonga kutoka bati jeusi la milimita moja kwa kufuata kielelezo cha boksi la sabuni, akakipinda juu ya gogo la mti kwa nyundo ya mpira mpaka kikaitikia umbo la upinde. Alianza na kiraka cha bati la ndani, kisha cha nje, wala hakuunganisha vyote viwili kwa kipande kimoja ili kuokoa muda, jambo ambalo ni rahisi kulifanya kwa sababu hakuna mteja atakayeliona.

Kingo zilizokuwa zinakwenda kulaliana zilipakwa praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga bati, ya zinki inayostahimili kuchomelewa juu yake, kwa kuwa baada ya kubana hakuna brashi itakayofika tena pale. Kwenye bati la juu yalitobolewa matundu, moja mahali pa kila kidoti cha zamani, na yakajazwa kwa mashine ya waya yenye gesi ya kaboni dayoksaidi na waya wa milimita 0.8. Hakuchomelea mstari mmoja mrefu. Alijaza tundu moja, akaruka hadi mwisho wa pili wa kiraka, akarudi katikati, akasubiri bati lipoe lenyewe hadi aweze kuligusa, kwa sababu bati jembamba likipata moto wa mfululizo hupinda na baadaye puti nyingi hutumika kuficha mawimbi. Kwa sababu hiyo hiyo hatumii gesi ya oksijeni na asetilini kwenye maungio ya namna hii. Moto wake hutawanyika mbali na huunguza rangi ya ndani ya mapango ambayo huwezi kuifikia kuipaka upya.

Kabla ya kuchomelea gari alikuwa amefanya jaribio ambalo ningependa kila mwenye gari la zamani aombe lifanywe mbele yake. Alichukua vipande viwili vya bati lile lile, akavichomelea kwa tundu moja, akabana kimoja kwenye jiliwa na kukipinda kingine kwa koleo. Bati lilichanika kuzunguka kidoti, na kidoti chenyewe kikabaki kimeng'ang'ania bati la chini. Maana yake kidoti kina nguvu kuliko bati. Kingeng'oka kizima na kuacha bati safi, mashine ilikuwa haijachoma kwa kina, na ungio zima lingeshikiliwa na uso tu. Jaribio la kwanza lilimkataa, akaongeza umeme, la pili likamkubali.

Baridi ya Julai ilikuwa na faida na hasara. Faida ni kwamba mabati yalikuwa makavu, na hii ndiyo sababu anapendelea kazi za kutu kati ya Juni na Septemba. Hasara ni praima ya epoksi, ile ya kuchanganywa makopo mawili, ambayo haikauki sawasawa kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi joto 10, na asubuhi za Mbeya wakati huo mara nyingi ziko chini ya hapo. Kwa hiyo hakupaka kabla ya saa nne asubuhi wala baada ya saa tisa alasiri, na gari lilisogezwa juani kwanza hadi bati likawa vuguvugu mkononi. Nilithamini uvumilivu huo kuliko nilivyothamini rangi iliyokuja baadaye.

Gundi ya maungio aliyotumia ni ya poliurethani, inayobaki laini na kupokea rangi. Ninalitaja hili kwa sababu nimeona mafundi wakitumia silikoni ya madirisha, ile inayonuka siki inapokauka. Harufu ile ni asidi, na asidi juu ya chuma kibichi huanzisha kutu upya; zaidi ya hayo rangi haishiki juu ya silikoni. Gundi ilipakwa baada ya praima, haikupakwa juu ya bati tupu, na chini ya kizingiti aliacha matundu yote ya kutolea maji wazi. Matundu mawili kati ya hayo yalikuwa yamezibwa mwaka 2019 kwa lami ya kupaka chini ya gari, ndiyo maana nilikuwa nikibeba maji. Lami ile ikipakwa juu ya kutu hufunga unyevu ndani, na kutu huendelea chini yake kwa siri. Kuhusu oili chafu, ambayo wengi wetu hupulizia chini ya magari kila mwaka, Fundi hakuwa na ugomvi na nia yake, ila alinionyesha bushi, ile raba ya kwenye maungio ya mkono unaoshika gurudumu la nyuma, iliyovimba na kulainika kwa kulowana na oili hiyo.

Hatua ya mwisho ilikuwa nta ya kuzuia kutu, inayopulizwa ndani ya mapango kwa mpira mrefu wenye ncha inayotawanya pande zote. Haikupatikana Mbeya, aliagiza Dar es Salaam ikaja kwa basi. Alipuliza akivuta mpira polepole kutoka mbele kurudi nyuma hadi nta ikadondoka kwenye matundu ya chini, ndipo akaamini imeenea. Akaniambia zoezi hilo lirudiwe kila baada ya miaka miwili, na kwa mwenye kushuka Kyela kila wiki, kila mwaka.

Rangi nitaizungumzia kwa ufupi kwa sababu ndiyo sehemu dhaifu. Kijani cha gari langu hakikulingana kikamilifu. Ukisimama kando jua la jioni likipiga, fenda ya kushoto inaonekana nzito kuliko mlango. Kuna chembe za vumbi zilizonasa karibu na kifuniko cha mafuta. Anayetafuta rangi ya kushindaniwa aende kwingine, au amwombe Fundi aishie kwenye praima na rangi ikapakwe na mtu mwingine, jambo ambalo yeye mwenyewe alilipendekeza bila kinyongo.

Malalamiko yangu mengine ni mazito kidogo. Aliahidi siku saba, zikawa kumi na mbili; mbili kati ya zile zilizozidi zilipotea kwa kukatika umeme, kwani gereji haina jenereta, lakini zilizobaki zilipotea kwa sababu alipokea gari lililopata ajali katikati ya kazi yangu. Hakuna karatasi ya makubaliano wala ya bei. Niliandika mwenyewe kwenye daftari orodha ya maungio, bei na siku, akatia sahihi bila ubishi, ila ni wajibu wa gereji kufanya hivyo, tena hasa kwa kazi ambayo ukubwa wake haujulikani mpaka ungio lifunguliwe. Na kuna jambo lililoniuma zaidi ya vumbi na siku. Vijana wake wawili walisaga puti na kutu wakiwa wamefunga vitambaa puani, na aliyepuliza rangi ya makopo mawili hakuwa na barakoa yenye vichujio, ilhali kigumishi cha rangi za aina hiyo huwa na kemikali inayoharibu mapafu na kuleta pumu isiyopona. Nilimweleza Fundi faraghani, kwa heshima, kwamba vijana hao ni kama wanafunzi wangu. Alinisikiliza. Niliporudi Mei nilikuta mpuliza rangi amevaa barakoa ya vichujio viwili. Wasagaji bado walikuwa na vitambaa, na nimemkumbusha tena.

Nililipa shilingi 1,600,000 kwa jumla: 850,000 za ufundi, 430,000 za mabati, gesi, praima, gundi na nta, na 320,000 za rangi. Si fedha ndogo kwa mshahara wa mwalimu, na ni zaidi ya mara nne ya nilizolipa 2019. Lakini zile 380,000 zilinunua gunia lililolowa, na uozo uliokua kwa miaka minne chini yake ni sehemu ya bili ya pili. Kama mapinde yale yangefunguliwa wakati huo, kizingiti kingekuwa bado kizima.

Mvua zilipoanza niliweka utaratibu wa kuinua zulia la buti kila Jumamosi. Januari, baada ya safari ya Lwangwa kwenye mvua ya siku nzima, nilikuta tone upande wa kulia na moyo ukashuka. Fundi alirudia zoezi lake la mpira na unga wa chaki, akakuta ungio ni kavu na maji yanapita kwenye raba ya taa iliyokakamaa. Aliibadilisha kwa shilingi 6,000, bei ya raba yenyewe. Mei, mvua zilipokwisha, lilitokea lengelenge moja lenye ukubwa wa punje ya dengu mwishoni mwa kizingiti cha kushoto. Alilisaga palepale na kukuta bati lenye vishimo ambalo Julai hakulikata, bali alilipaka asidi ya fosfori na kuendelea. Asidi hiyo hugeuza kutu nyepesi ya juu, lakini haifiki chini ya vishimo virefu, na alikiri kwamba alijua hivyo na alichoka siku ile. Alikata kipande cha sentimita nne, akachomelea, akapaka, hakunitoza. Mapinde mawili na ungio la sakafu ya buti hayakuwa na hata doa. Tulipochomoa kizibo cha raba chini ya kizingiti nikaingiza kidole, kilitoka na nta tu.

Kwa maungio ya gari lisilo na chesisi, ninampa Fundi huyu alama za juu. Kwa rangi na kwa kutunza ahadi ya siku, alama za wastani. Atakayempelekea gari aende kati ya Juni na Septemba, aende na daftari lake, na aombe jaribio la vipande viwili vya bati kabla mashine haijagusa gari. Ungio la chini ya kioo cha mbele bado halijafunguliwa. Nimeshaagiza kioo cha akiba kutoka Dar es Salaam, tumekubaliana wiki ya pili ya Julai, na jenereta amesema ataazima kwa jirani.